Gari likitetemeka, dereva asiwe wa kwanza kulaumiwa

Lipo jibu moja ambalo wenye magari hapa nchini wamelizoea mno hata wengi wao wameacha kulihoji. Mtu hulipeleka gari lake kwa aliyemwuzia, akaeleza kwamba likifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa hutetemeka kana kwamba linapita juu ya ile mistari iliyoinuliwa barabarani kuwazindua madereva kabla ya matuta. Fundi huliendesha mara moja kuuzunguka mtaa, akarudi akipangusa mikono na kusema: "Hivyo ndivyo magari haya yalivyo." Au, akiwa si mwingi wa adabu, atasema kwamba mwenye gari hajui kuliendesha gari la gia otomatiki.

Ningependa kulipinga jibu hilo, na kulipinga kwa hoja. Mtetemo wa gari si maoni, wala si suala la mtu kuwa na mwili mwepesi wa kuhisi. Ni jambo linaloweza kuhesabiwa, kupimwa na kuandikwa. Maadamu linaweza kupimwa, anayekataa kulipima huku gari lingali ndani ya muda wa dhamana hana haki ya kumtupia lawama aliyelinunua.

Aghalabu anayejibiwa hivyo ni mtu wa mshahara. Ni mwalimu au muuguzi aliyechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akakubali kukatwa kila mwezi kwa miaka mitatu au minne, na ambaye alilipa ziada ili anunue gari jipya kwa sababu moja tu: alitaka dhamana. Giaboksi ya otomatiki ikimfia baada ya dhamana kwisha, gharama ya kuibadilisha inaweza kumeza mishahara yake ya miezi kadhaa, ilhali mkopo bado unadai. Neno "dhamana" lenyewe tunalitumia pia kwa yule anayetolewa rumande akisubiri kesi yake. Huyo hujua tarehe yake ya kufika mahakamani, lakini wenye magari wengi hawajui tarehe ambapo dhamana ya magari yao inakwisha.

Tuanzie mbali kidogo, nchini Australia, kwa sababu huko jibu hili la "dereva hajui kuendesha" lilifikishwa mahakamani likapimwa.

Kampuni ya Ford iliuza nchini humo magari ya Focus, Fiesta na EcoSport yenye giaboksi iliyoitwa PowerShift. Kwa dereva ilikuwa otomatiki kama nyingine, lakini ndani yake mlikuwa na klachi mbili kavu mfano wa zile za gari la gia za mkono, zikiendeshwa na kompyuta badala ya mguu. Klachi moja ilishughulikia gia za witiri na nyingine gia za shufwa, hivyo gia moja ikiwa kazini, inayofuata ilikuwa tayari inangoja zamu yake. Wazo lilikuwa zuri, na lilipunguza matumizi ya petroli. Lakini klachi kavu haivumilii mafuta. Sili za shafti zilipoanza kuvuja, mafuta yalifika kwenye nyuso za klachi, nazo zikawa mara zinashika mara zinateleza. Gari likatetemeka, hasa likianza kuondoka au likijikokota katika msongamano, yaani mahali ambapo mtu wa mjini huishi nusu ya maisha yake ya udereva.

Takriban magari 70,000 ya aina hiyo yaliuzwa Australia, na karibu nusu yake yalirudishwa angalau mara moja kutengenezwa giaboksi. Hata hivyo wateja waliolalamika waliambiwa mara kwa mara kwamba mtetemo ulitokana na namna yao ya kuendesha. Tume ya Ushindani na Watumiaji ya nchi hiyo ikaishtaki kampuni. Mnamo Aprili 2018, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba namna kampuni ilivyowatendea walalamikaji kati ya Mei 1, 2015 na Februari 29, 2016 ilikuwa kinyume cha dhamiri njema, ikaitoza faini ya dola milioni 10 za Australia. Ilibainika kwamba kampuni ilijua kuwa mtetemo huo ulikuwa dalili ya kasoro za ubora, na bado iliwalaumu madereva. Wengi walionyimwa fidia walipewa nafasi ya kuchukua gari jingine, mradi tu waongeze fedha nyingi kutoka mifukoni mwao.

Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Faini ile haikutozwa kwa sababu giaboksi iliharibika. Kila mtambo huharibika, na hakuna sheria duniani inayomwadhibu mtu kwa kuwa chuma kimechakaa. Faini ilitozwa kwa sababu ya jibu. Ilikuwa adhabu ya kumwambia mlalamikaji kwamba kosa ni lake ilhali anayesema hivyo anajua kuwa si lake.

Mambo hayakuishia hapo. Wanunuzi walifungua kesi ya pamoja, na mwaka 2021 mahakama iyo hiyo ikaamua kuwa gari la mlalamishi mkuu halikuwa na ubora unaokubalika. Suala la namna ya kuipima hasara yake lilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, iliyotoa uamuzi wake Novemba 2024. Nchini Marekani nako, kampuni ilikuwa imeirefusha dhamana ya klachi na sili hizo mwaka 2014 hadi miaka saba au maili 100,000, ambazo ni sawa na kilomita 160,000 hivi. Dhamana hairefushwi kwa kitu kisicho na ila.

Sasa tuingie ndani ya giaboksi yenyewe, kwa sababu mtu asiyejua kinachotetemeka atashindwa kumjibu fundi mjanja.

Otomatiki ya kawaida, iliyo katika magari mengi tunayoyaona, haina klachi kavu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kinachoitwa konveta. Mfano wake ni feni mbili zilizoelekezana: ukiiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili ingawa hazigusani. Ndani ya konveta, badala ya upepo mna mafuta. Ndiyo maana gari la otomatiki laweza kusimama likiwa katika gia bila injini kuzima. Lakini feni ya pili haiwezi kwenda sawa kabisa na ya kwanza. Daima kuna mwendo unaopotea, na mwendo unaopotea ni petroli inayopotea. Kwa hivyo watengenezaji wakaweka klachi ndogo ndani ya konveta, ambayo hufunga gari likishapata mwendo wa wastani, ili injini na giaboksi vizunguke kama kitu kimoja.

Klachi hiyo ndogo ndiyo mama wa mitetemo mingi. Kazi yake huitegemea sana hali ya mafuta. Mafuta yakichakaa, yakiingiwa na unyevu, au yakiwa si ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji, nyuso za klachi hushika na kuachia, zikashika na kuachia, mara nyingi katika nukta moja. Kila mwalimu analijua jambo hili ingawa huenda hakulipa jina: chaki ikishikwa vibaya ubaoni hupiga ule ukelele unaowakunja wanafunzi nyuso. Chaki hung'ang'ania, huteleza, hung'ang'ania tena. Uta wa fidla hutoa sauti kwa kanuni hiyo hiyo. Konveta inayotetemeka ni ukelele wa chaki, ila ni wa polepole zaidi na ni wa chuma.

Kwamba mafuta peke yake yaweza kuleta balaa hili si uvumi wa gereji. Kampuni ya General Motors ilitia giaboksi za gia nane katika magari yake mengi ya miaka ya 2015 hadi 2019, na malalamiko ya mtetemo yakawa mengi. Mwaka 2019 iliwaagiza mawakala wake wayaondoe mafuta ya awali, waisafishe giaboksi na kutia mafuta ya aina nyingine, kwa kuwa yale ya kwanza yalinyonya unyevu. Waliokuwa wameambiwa kwamba gari lao ni zima wakaitwa warudi.

Kuna na aina ya tatu, ile iitwayo CVT, isiyo na gia za meno bali mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliyo barabarani mwetu ni ya aina hii. Mkanda ukiteleza juu ya puli, gari hutetemeka, hasa likipanda kilima taratibu. Mwaka 2017 kampuni ya Subaru iliirefusha dhamana ya CVT kwa magari yake ya miaka ya 2010 hadi 2015 yaliyouzwa Marekani, ikawa miaka 10 au maili 100,000. Mwenye gari la namna hiyo lililoletwa Mombasa kutoka Japani hakuambulia chochote katika ahadi ile, kwa kuwa dhamana ya mtengenezaji hufuata soko ambako gari liliuzwa likiwa jipya, haifuati chuma.

Lakini si kila mtetemo unatoka kwenye giaboksi, na hapa ndipo wenye magari hupoteza kesi zao kwa haraka. Mtu akienda kudai giaboksi, kumbe tairi halijasawazishwa, anampa muuzaji fursa ya kumcheka, na atakaporudi na dai la kweli hatasikilizwa.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 100 kwa saa hupita mita 27.8 kila nukta; gurudumu basi huzunguka kama mara 14 kwa nukta. Kwa kilomita 60 huzunguka mara 8 hivi. Injini nayo, ikiwa mshale wake unaonyesha mizunguko 2,000 kwa dakika, huzunguka mara 33 kwa nukta, na injini ya silinda nne huwasha mara mbili katika kila mzunguko, yaani takriban mara 67. Tofauti hizi ni kubwa. Simu nyingi za kisasa zina kifaa cha kuhisi msukumo, na zipo programu za kuonyesha idadi ya mitetemo kwa nukta. Simu ikilazwa sakafuni mwa gari ikaonyesha mitetemo 14 kwa mwendo wa kilomita 100, na 8 kwa kilomita 60, mkosaji ni gurudumu, na giaboksi haina hatia. Ninashangaa kwamba walimu wa fizikia bado wanahangaika na timazi na kamba ili kufundisha marudio, na magari yao yameegeshwa nje ya darasa.

Hatua ya pili ni kutenganisha. Katika barabara iliyonyooka isiyo na magari, wala sisemi Thika Road saa kumi na moja jioni, gari lifikishwe mwendo ambao hutetemeka, kisha gia itiwe huru huku injini ikiendelea kunguruma. Asithubutu mtu kuizima injini, kwa maana usukani na breki vitakuwa vizito. Mtetemo ukiendelea gari likiserereka, tafuta magurudumu, rimu, au shafti zinazoyazungusha. Ukikoma papo hapo, tafuta injini au giaboksi. Gari likitetemeka limesimama, likiwa katika gia na breki imekanyagwa, kisha likatulia gia inapotiwa huru, mara nyingi ni zile mpira zinazoishika injini ambazo mafundi wetu huziita maunting.

Hatua ya tatu ni kuutazama wakati. Mtetemo wa klachi ya konveta huchagua saa yake. Huja gari likiwa limeshapata moto, katika mwendo wa wastani, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu na mizunguko ya injini ikiwa ya chini. Huchukua nukta chache, kisha hutoweka dereva akikanyaga zaidi au akiachia. Lipo jaribio analoweza kulifanya fundi au dereva mzoefu: mtetemo ukiwa umeanza, aiguse breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Kompyuta huifungua klachi ya konveta mara breki inapoguswa. Mtetemo ukikatika hapo hapo, ushahidi umepatikana, na umepatikana bila kufungua hata msumari mmoja.

Anayeiga sana dalili hii ni plagi au koili mbovu. Silinda moja ikiwa inaruka kuwaka, gari hutikisika katika mwendo ule ule na mzigo ule ule. Kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya hitilafu kwa nambari: P0300 huashiria silinda kuruka kuwaka, na P0741 huashiria klachi ya konveta kutofanya kazi ipasavyo. Mwenye gari aombe nambari hizo zisomwe na kuchapishwa kabla ya mtu yeyote kuzifuta. Lakini pia asikubali kuambiwa kwamba, kwa kuwa kompyuta haijaonyesha kitu, basi hakuna kitu. Kompyuta huona kile ilichofundishwa kuona. Mitetemo mingi ya konveta huanza muda mrefu kabla ya nambari yoyote kujitokeza, na magari yale ya Australia hayakungoja taa ya tahadhari iwake ndipo yatetemeke.

Nina neno pia kuhusu chupa za dawa ya giaboksi zinazouzwa madukani. Yamkini zipo zinazosaidia kwa muda. Lakini gari likiwa bado na dhamana, kumwaga dawa ndani ya giaboksi ni kumkabidhi muuzaji sababu ya kulikataa dai lako, na ni kuharibu ushahidi ambao mafuta yale yalikuwa yanaushikilia. Hata kubadilisha mafuta kwa hiari yako kabla ya gari kukaguliwa si busara. Acha mafuta yakaguliwe na anayewajibika: yana rangi gani, yana harufu ya kuungua, yana chembe za chuma?

Sasa kuhusu dai lenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na naona walikuwa wakiwafikiria wanunuzi wa magari. Malalamiko ya mdomo mbele ya karani wa mapokezi ni upepo. Malalamiko yawe barua, yenye tarehe, idadi ya kilomita zilizosomwa siku ile, na maelezo ya lini mtetemo hutokea: mwendo gani, mizunguko mingapi ya injini, gari likiwa baridi au lenye moto, limebeba watu wangapi. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa au itumwe kwa barua pepe, ili pasiwe na ubishi. Tarehe ya malalamiko ya kwanza ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa kasoro iliripotiwa ndani ya muda wa dhamana, muuzaji aliyeshindwa kuitengeneza kwa ziara nne hawezi kuja kwa uso mkavu akasema muda umekwisha katika ziara ya tano.

Isitoshe, fundi asiachwe aende peke yake. Gari lililokaa uani usiku kucha, likaendeshwa dakika tano asubuhi, halitatetemeka, na karatasi itaandikwa kwamba hitilafu haikuonekana. Mwenye gari adai waende pamoja, gari likiwa limeshapata moto wa nusu saa, kwenye barabara ambayo mtetemo hutokea. Ikiandikwa "haikuonekana", karatasi hiyo nayo ihifadhiwe. Karatasi nne za "haikuonekana", zikiambatana na barua nne zinazoeleza jambo moja kwa maneno yale yale, huwa ushahidi wa aina yake. Na fundi aulizwe swali moja, naye ajibu kwa maandishi: je, mtengenezaji ametoa waraka wowote wa kiufundi kuhusu mtetemo wa giaboksi ya modeli hii? Kampuni huwatumia mawakala wake nyaraka za namna hiyo, na nyingi za Marekani huwekwa wazi kwa umma na shirika la serikali la usalama barabarani. Mwanafunzi mwenye intaneti anaweza kumtafutia baba yake.

Najua wauzaji watasema nini. Watasema kwamba wapo madereva wanaoyaua magari yao wenyewe, wanaovuka mafuriko, wanaobeba mizigo kupita kiasi, wanaorudisha gari nyuma na kutia gia ya mbele kabla halijasimama, na wanaotia mafuta ya giaboksi ya bei rahisi kisha wakaja kudai. Ni kweli, wapo. Dhamana haikukusudiwa kuwafidia hao. Lakini uharibifu wa namna hiyo huacha alama zake, na mwenye kudai kwamba upo ana wajibu wa kuuonyesha: maji kwenye mafuta, mafuta ya aina isiyofaa, sehemu iliyovunjika kwa mzigo. Kusema "ni uendeshaji wako" bila kuonyesha alama hata moja ni kuhukumu bila kusikiliza shahidi. Kwa upande wake, mwenye gari naye awe na stakabadhi za kila huduma aliyolifanyia gari lake kwa muda ulioagizwa. Asiye nazo ameudhoofisha mguu wake mwenyewe.

Sheria yetu, kinyume na wanavyodhani wengi, haijamwacha mnunuzi uchi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya habari anazohitaji ili afaidi alichonunua, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora unaostahili hata kama hakutamka, na inayabatilisha maneno ya mkataba yanayojaribu kuifuta ahadi hiyo. Yale maandishi yaliyopigwa chapa chini ya stakabadhi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu ambayo wenye maduka wanadhani yanayo. Tena wajibu huu wa kisheria ni kitu tofauti na kile kijitabu cha dhamana cha mtengenezaji. Kijitabu kinaweza kusema miaka mitatu au kilomita 100,000, lakini hakiwezi kuifuta sheria.

Je, mwenye gari la mtumba kutoka yadi? Hali yake ni ngumu zaidi, kwani gari lenye umri wa miaka saba halitarajiwi kuwa kama jipya, na ukaguzi unaofanywa ng'ambo kabla ya gari kusafirishwa hautoi ahadi juu ya maisha ya giaboksi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamlinda kwa kiasi, lakini ina tahadhari: mnunuzi aliyekagua bidhaa kabla ya kuinunua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuidhihirisha. Kwa hivyo aliyelizungusha gari uani mwa yadi mara mbili akalipa hakujitendea haki. Aombe kuliendesha nusu saa, hadi lipate moto, na kwenye kilima. Muuzaji akikataa, yadi ni nyingi.

Barua zikipuuzwa, pana mahali pa kwenda. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2010, ina uwezo wa kuchunguza maelezo ya uongo kwa wanunuzi na mwenendo ulio kinyume cha dhamiri njema, kosa la aina ile ile lililoifanya Ford itozwe faini Australia. Kwa anayetaka fedha zake, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60, haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, na mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Dai la matengenezo ya giaboksi ya gari dogo hutoshea humo. Hakimu atataka kuona mambo matatu: mkataba wa ununuzi, barua za malalamiko zenye tarehe, na majibu ya muuzaji. Ikiwa dhamana yako inakwisha mwezi ujao, barua ya kwanza iandikwe wiki hii, hata kama mtetemo bado ni mdogo na hutokea tu kwenye kilima kimoja ukitoka shuleni.